Magnum Ipi kwa Pori la Miombo?

Tuanze na umbali, maana huo ndio unaowauzia watu magnum nyingi. Muuzaji atakufungulia katalogi akuonyeshe risasi inayotoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, njia yake imenyooka hadi mita 300, na pembeni kuna picha ya kondoo wa milimani aliyesimama ng'ambo ya bonde. Jedwali lake si la uongo, ila limeandikiwa nchi nyingine. Ingia miombo ya Haut-Katanga mwezi wa sita, kabla moto haujapita: nyasi zinakufika kifuani, miti imekaribiana, na korongo dume unayemfuata tangu alfajiri anakuonyesha masikio na kipande cha bega tu, hatua sitini mbele yako. Huku mnyama mkubwa hupigwa karibu. Mita 40, mita 80, mara chache 120. Anayechagua risasi ya kuipenda akiwa Lubumbashi aanzie kwenye hizo mita 80.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ninachosema. Chukua bunduki mbili zilizorekebishwa zipige katikati ya shabaha kwa mita 100. Moja ni .300 Winchester Magnum, risasi ya mwaka 1963, inayosukuma kichwa cha gramu 11.7 kwa karibu mita 900 kwa sekunde. Nyingine ni .375 H&H Magnum ya mwaka 1912, yenye kichwa cha gramu 19.4 kinachotoka kwa karibu mita 770. Kwa mita 150, ile nzito inakuwa imeshuka kuliko nyepesi kwa sentimita 2 au 3. Kwa mita 200, tofauti inafika kama sentimita 7. Pumzi yako baada ya kutembea saa nne inautikisa mtutu kuliko hivyo. Kasi unayoilipia dola nyingi haina pa kufanyia kazi katika pori letu.

Na inaweza kukuponza. Kichwa cha risasi kinachompata mnyama hatua chache kutoka mtutuni bado kina kasi yake yote, na kama kimetengenezwa laini kinapasuka juu ya bega kabla ya kufika kwenye mapafu. Jambo hili si nadharia. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda moose, yule paa mkubwa wa kaskazini, huko British Columbia nchini Kanada, akitumia .300 H&H Magnum. Ngozi ya mnyama ilikuwa imegandwa na matope makavu, na vichwa vya risasi vilisambaratika bila kuingia ndani inavyotakiwa. Nosler akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inapanuka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea na safari. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition na mpaka leo kinanunuliwa. Nyati wetu naye hugaagaa matopeni, na ngiri vilevile. Ukiwa na .300 au 7 mm Remington Magnum ya mwaka 1962 na huna mpango wa kuiuza, sikukatazi kuitumia kwa kongoni au kuro, lakini usiitie vichwa vya bei nafuu vilivyotengenezewa paa wadogo wa Ulaya. Nunua vile vigumu, na chagua vizito kuliko vyepesi.

Kuna mahali pamoja ambapo katalogi ina haki yake. Mbuga za mafuriko za Bangweulu, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, ni tambarare tupu, na lechwe weusi hawakungoji usogee. Huko mita 200 ni kawaida, na .300 inajieleza yenyewe. Kama safari zako zote ni za Bangweulu, makala hii haikuhusu sana.

Swali la pili ni la karatasi: mnyama gani, na kwa ruhusa ya nani? Watu huliruka hili wakaishia kununua bunduki isiyo na kazi. Uwindaji nchini kwetu unatawaliwa na Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, yenye orodha ya wanyama wanaolindwa kabisa na wale wanaolindwa kwa sehemu, na vibali tofauti vya uwindaji mdogo na mkubwa. Silaha nazo zina amri-sheria yake, namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Unahitaji ruhusa zote mbili, ya mnyama na ya bunduki, kabla ya kumlipa muuzaji hata senti. Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, na ile ya Kundelungu ya mwaka 1970 ziko chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa asili, na hakuna kibali cha kuwinda ndani yake. Upemba ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Mtu anayeniuliza risasi nzuri ya kupeleka huko simjibu.

Kwa hiyo mwenye kutaka nyati kwa njia safi mara nyingi atavuka Kasumbalesa, kwenda kwenye maeneo ya wanyama ya Zambia yanayopangiwa idadi ya kuwinda kila msimu. Ukishavuka mpaka, sheria ya mwenyeji ndiyo inayokuchagulia risasi. Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375 kwa nyati, simba na wenzao wa hatari. Waandaaji wa safari wa Zambia watakuambia vivyo hivyo. Zimbabwe inapima kwa namna mbili: kwa tembo, kiboko na nyati inataka kipenyo cha milimita 9.2 na nguvu ya jouli 5,300. Kwa simba, pofu na twiga, milimita 7 na jouli 4,300. Na kwa swala wakubwa kama palahala na kuro, milimita 7 na jouli 3,000. Napenda jedwali hilo la Zimbabwe hata kwa mtu asiyekwenda Zimbabwe. Limetungwa na watu waliowaona wanyama hao wakianguka, na wakiondoka na majeraha.

Tazama sasa linavyochuja dukani. .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958 ni risasi nzuri sana: kichwa chake cha gramu 16.2 kikienda mita 810 kwa sekunde kinabeba jouli 5,300 hivi, karibu sawa na kiwango cha nyati. Lakini tundu lake ni milimita 8.6. Kwa nyati haipiti, Zimbabwe wala Tanzania, hata uwe mlengaji hodari namna gani. Ikiwa ndoto yako ni pofu na korongo tu, ichukue kwa moyo mmoja. Ikiwa nyati yumo kwenye ndoto hiyo, hata mara moja maishani, utakuwa umenunua bunduki ambayo siku moja itabaki nyumbani.

9.3x62 nayo ina kisa chake. Si magnum kwa jina. Ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikiwalenga walowezi wa Kijerumani wa Afrika waliohitaji bunduki ya Mauser ya bei ya kawaida yenye uwezo wa kuwaangusha wakubwa. Inasukuma gramu 18.5 kwa mita 720 hivi, teke lake ni la kistaarabu, na kwa miombo sidhani kama kuna mtu aliyewahi kubuni kitu kinachofaa zaidi. Lakini pigeni hesabu: ni kama jouli 4,800. Kipenyo kinatosha Zimbabwe, nguvu inategemea sanduku la risasi ulilonunua. Tanzania kipenyo chenyewe hakitoshi. Kwa mkulima mwenye ardhi yake na kibali chake, anayewinda nguruwe mwitu, kongoni na siku moja moja pofu, ningeiweka mbele ya magnum zote. Kwa mvukaji mipaka, hapana.

Inabaki ile niliyokwishaitaja, .375 H&H. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na kila miaka michache hutokea mtu akatangaza kwamba imepitwa na wakati. Kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 ni jouli 5,700 na zaidi kidogo: kinapita kila sheria niliyoitaja. Ni kirefu kwa unene wake, kwa hiyo kinapenya moja kwa moja na hakipindi kikigonga mfupa. Kwa mita 80 kinamwangusha nyati. Kwa mita 200 bado unaweza kumpiga palahala bila kubahatisha. Na kwa swala mdogo, ajabu ya Mungu, kinaharibu nyama kidogo kuliko .300, kwa sababu hakina ule mwendo wa kulipua misuli. Ukimpiga tohe nyuma ya bega utakula bukari na nyama yake bila kutema vipande vya mfupa.

Angalia pia umbo la ganda lake. Limechongoka taratibu kuanzia kwenye kitako hadi shingoni, umbo lililofaa baruti ya nyuzi ya zama zile, na kwa kuwa mabega yake yameteremka mno, risasi hushikiliwa chemberini na mkanda wa shaba ulio karibu na kitako. Wahandisi wa leo hulicheka. Lakini ganda lililochongoka huteleza kuingia na huteleza kutoka, hata vumbi jekundu la barabara ya Kasenga likiwa limeingia ndani ya komeo. Katika risasi ya pili kwa nyati aliyejeruhiwa hilo lina thamani kuliko mita 50 za kasi.

Gharama yake ni urefu. Risasi nzima ina zaidi ya sentimita 9, kwa hiyo inadai komeo refu, na bunduki za komeo refu ni ghali na nzito. Ndiyo sababu mwaka 2007 ilitoka .375 Ruger, yenye nguvu hiyo hiyo ndani ya komeo la kawaida. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Je, nikushauri uinunue ukiwa Lubumbashi? Jiulize kwanza utapata wapi sanduku la risasi mzigo wako ukipotea uwanja wa ndege wa Lusaka au Ndola. .375 H&H ina zaidi ya miaka mia barani Afrika, na mwenye kambi yoyote ya uwindaji wa nyati ana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo kabatini. Kigezo hicho hicho kinaziondoa magnum nyingi zilizozuka tangu mwaka 1999, zile fupi na zile za kupita kiasi. Baadhi yake ni hodari. Hazina ndugu huku.

Juu ya .375 kuna wakubwa, na hapa vijana wanapotea. Kijana mmoja anayefanya biashara ya madini alinifuata akiwa tayari na pesa.

"Papa, nishauri. .416 au .458?"

"Unataka kuwinda nini, mwanangu?"

"Nyati."

"Umezoea bunduki gani?"

"Kalibre 12 ya marehemu baba. Napigia kanga."

Nilimwambia asinunue hata moja. .416 Rigby ya mwaka 1911, na ndugu yake .416 Remington aliyekuja mwishoni mwa miaka ya 1980, husukuma gramu 25.9 kwa mita 730, karibu jouli 6,900. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 hutoa kichwa cha gramu 32.4 kwa mita 640 hivi. Ni zana za watu wanaolipwa kusimama kati ya mgeni na mnyama aliyejeruhiwa. Katika bunduki zenye uzito unaolingana, teke la .375 ni kama mara mbili ya lile la .30-06, na la .458 ni kama mara tatu. Mtu asiyezoea hupiga ya kwanza vizuri, kwa kuwa hajui. Ya pili anafumba macho. Ya tatu anavuta kifyatulio kwa hasira ili shida iishe, na risasi inaenda tumboni. Nyati aliyepigwa tumboni na .458 ni nyati aliyepigwa tumboni.

.458 ina somo lingine linalohusu joto letu. Wabunifu wake walitaka iingie kwenye komeo la kawaida, wakalifupisha ganda na kuishindilia baruti. Miaka ya mwanzo baadhi ya risasi hizo zilikaa muda mrefu katika nchi za joto, baruti ikagandamana, na kasi ikashuka chini ya ile iliyoandikwa kwenye sanduku. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, aliendelea kulifikiria jambo hilo hadi akatoa ganda refu zaidi mwaka 1971, linalobeba jina lake: .458 Lott. Risasi za leo zimeponywa ugonjwa huo. Hata hivyo usiziache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa kumi. Joto hupandisha msukumo wa baruti, ganda linang'ang'ania chemberini, na komeo linakataa kufunguka wakati unalihitaji zaidi. Zibebe kwenye mfuko wa ngozi au kitambaa, kivulini, na usizichanganye mpya na za zamani.

Nikisema haya mtu atanitajia Bell. W.D.M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya miaka yake kule Karamoja, Uganda, aliwinda pia Lado, kipande cha ardhi kando ya Nile kilichokuwa mikononi mwa Leopold II hadi mfalme huyo alipokufa Desemba 1909. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57 Mauser, risasi ya mwaka 1892 ambayo leo watu huinunua kwa ajili ya paa. Ni kweli. Ila soma kisa chote. Bell alikuwa akipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umelala wapi ukiangaliwa kutoka kila upande. Alitumia vichwa virefu, vigumu, visivyopanuka, ambavyo kwa wembamba wao vilipenya kama sindano. Alikuwa mlengaji wa ajabu. Na tembo akikaa vibaya, alimwacha, kwa kuwa mbele kulikuwa na wengine. Wewe una kibali cha nyati mmoja na siku saba. Kutoka kwa Bell chukua uchaguzi wa kichwa cha risasi na elimu ya mwili wa mnyama. Kipenyo mwachie mwenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda Lado kujifunza kusogea. Msiri alipotoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kujenga enzi yake Bunkeya, Wayeke wake walikuwa wawindaji wa tembo, na bunduki walizozinunua kwa shaba na pembe zilikuwa za gobore, zile ambazo vijijini bado tunaziita pupu. Risasi moja, kisha dakika nzima ya kushindilia. Wenye bunduki kama hizo hawakuwa na njia ila kufika karibu, upepo ukiwapiga usoni. Mwenye magnum na darubini amesahau ufundi huo, na ndiyo sababu anatafuta dukani mita ambazo miguu yake ingempatia.

Sasa kichwa cha risasi, ambacho kwa maoni yangu kinastahili nusu ya fikra zako zote. Viko vya aina mbili kubwa. Vinavyopanuka hufunguka kama uyoga na kukata tundu pana. Vigumu havifunguki kabisa na hupita mwilini vikivunja mifupa. Kwa swala wote, pofu akiwemo, tumia vinavyopanuka vilivyojengwa kwa nguvu: Partition, Swift A-Frame, au vile vya shaba tupu kama Barnes. Kwa nyati, desturi ya zamani ni cha kwanza kinachopanuka na vinavyofuata vigumu, maana baada ya mlio wa kwanza utamwona makalio tu, na risasi lazima isafiri mwili mzima kumfikia moyo. Siku hizi wengi hupakia vinavyopanuka vitupu kwa kuwa vya kisasa vinapenya vizuri. Mimi bado nafuata desturi. Chochote utakachochagua, hakikisha vya aina zote mbili vinagonga mahali pamoja katika bunduki yako. Bunduki nyingine hupenda kimoja na kukitupa kingine kando.

Na kabla ya kupiga, angalia nyuma ya nyati wako. Nyati hukaa kundini, na kichwa kigumu cha .375 kinaweza kumtoka mmoja na kumjeruhi mwingine. Hapo utalipia wawili, na utawafuata wawili nyasini. Subiri ajitenge. Akisimama ubavu, panda na mguu wa mbele mpaka theluthi ya kwanza ya mwili, si katikati. Moyo wa nyati umekaa chini kuliko mtu anavyodhani, na yule anayelenga katikati ya mwili mweusi mara nyingi humpiga juu na nyuma mno.

Wengi mjini hawatanunua bunduki mpya. Watarithi. Lubumbashi ina bunduki za zamani zilizoletwa enzi ya Wabelgiji, nyingi za FN, kiwanda cha Herstal kilichoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Ni bunduki za kutegemewa, na ule ukucha mrefu wa Mauser unaoshika kitako cha ganda tangu linapotoka kasha hadi linapotupwa nje bado haujapata mpinzani. Mpelekee fundi wa bunduki apime chemberi kabla hujaweka kitu ndani. Usiamini kumbukumbu za familia. 9.3x62, 9.3x64 na 9.3x74R ni risasi tatu tofauti, ingawa masikioni zinafanana. Iliyoandikwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi, ndiyo iandikwe kwenye sanduku. Ikiwa mtutu umefutika na fundi hana uhakika, itundike ukutani. Tena hati ya marehemu si hati yako: uhamisho uandikwe kwa jina lako kwanza.

Ukishaipata .375 yako, nunua risasi kwa wingi mara moja, masanduku yenye namba moja ya bechi, ishirini za kurekebishia na kufanyia mazoezi na arobaini za safari. Weka darubini ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 6, iliyo mbali na jicho angalau sentimita 9, usije ukapasuliwa nyusi. Rekebisha ukiwa umekaa mezani, kwa risasi chache, masikio yamezibwa. Kisha acha meza kabisa. Porini hakuna meza. Piga ukisimama, mtutu juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kwa mita 50 na 80, risasi tatu kwa siku na si zaidi, maana bega lililochoka hufundisha woga. Siku nyingine fanya mazoezi ya komeo nyumbani kwa maganda matupu ya mazoezi: fyatua, vuta, sukuma, bila kuishusha bunduki begani. Watu wengi huishusha waangalie walichokifanya. Kijana wa madini niliyemtaja alianza na .22 na baadaye .30-06 ya mjomba wake, na sasa ana .375 anayoipiga bila kufumba macho; .416 hajaitaja tena.

Mwisho, mpaka. Ruhusa ya kuingiza bunduki kwa muda iombwe mapema kupitia mwandaaji wa safari, si pale kizuizini. Namba ya bunduki, kipenyo na idadi ya risasi viandikwe kama vilivyo, na bunduki ya nusu-otomatiki usiilete kabisa. Ukisafiri kwa ndege, mashirika huruhusu risasi hadi kilo 5 kwa abiria, ndani ya kasha lake lililofungwa, mbali na bunduki; arobaini za .375 hazifiki hata nusu ya uzito huo. Kila jioni kambini andika ulizopiga na uhifadhi maganda. Ukirudi Kasumbalesa, afisa atataka idadi iliyobaki ilingane na karatasi, na risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa koti inaweza kukugharimu mchana mzima.